Rosa Mistika: Nani Alimpima Charles?

Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuandika katika mitihani kwamba Kezilahabi, katika riwaya ya Rosa Mistika (1971), amemtetea mwanamke. Hata mimi niliandika hivyo, na alama nikapata. Leo naona jibu langu lilikuwa nusu tu.

Nusu hiyo ni ya kweli. Mwandishi hamchori Rosa kama mtoto aliyezaliwa mbaya. Zakaria, baba mlevi, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anamfungia njia zote za kuwafahamu wanaume, kisha binti huyohuyo anatoka Ukerewe kwenda kusoma Mwanza, na baadaye Morogoro, bila silaha yoyote. Malezi ndiyo yanayomwangusha. Kwa kuyasema hayo waziwazi, na habari za kutoa mimba juu yake, riwaya ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda.

Sasa jamani, tuje kwa Charles. Huyu anataka kumwoa Rosa, lakini anamtaka akiwa bikira. Akigundua siye, anamwacha, na Rosa anajiua. Mwishoni tunapewa kesi baada ya kifo, kati ya Rosa na baba yake. Charles hayumo kizimbani! Baba anashtakiwa kwa malezi yake. Mchumba hashtakiwi kwa kipimo chake, wala hakuna anayempima yeye.

Nilipouliza jambo hili katika semina, mwenzetu mmoja alidakia, "Kwani nani anunue kitabu kilichochanika?" Darasa zima likacheka. Nami, msichana, nikacheka nao. Kicheko changu ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Wapo watakaosema mwandishi aliichora jamii kama ilivyo tu. Sikubali. Aliyeweza kumburuza Zakaria mpaka mbele ya hukumu alikuwa na uwezo wa kuchagua washtakiwa. Alichagua ulevi na ukali wa baba. Kipimo chenyewe alikiacha kipite.

Na kipimo hicho hakikuwa cha riwaya peke yake. Mwaka huohuo wa 1971, Sheria ya Ndoa ya Tanzania iliweka miaka 18 kwa mvulana kuoa, lakini msichana aliruhusiwa kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya baba. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Kama mahakimu wameweza kuhoji vipimo viwili, wahakiki je?

Sisemi riwaya hii itupwe. Kuna vitabu vingi vilivyomkalia mwanamke kimya. Hiki angalau kilithubutu. Ila tukikutana nacho tena kwenye mtihani, tusikimbilie kuandika "amemtetea mwanamke" halafu tukaweka kalamu chini. Tuulize pia nani alimpima Charles. Na wewe uliyecheka pamoja nami siku ile, ulikuwa unamcheka nani hasa?