Diski nne, kadi moja

Seva iliyokuwa mezani kwa fundi ilitoka katika ofisi ya wakala wa forodha, na ndani yake zilihifadhiwa nyaraka za mizigo ya miaka kadhaa: mafuta yanayopandishwa Zambia, shaba ya Kongo inayoteremka kwenda bandari ya Dar es Salaam. Tunduma, mji wa mpakani, inaishi kwa karatasi hizo. Hata baada ya kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa Oktoba 2019, lori halivuki kwa maneno matupu. Seva ilikuwa inawaka vizuri na feni zake zikizunguka, ila kadi inayodhibiti diski iliandika kwenye skrini kwamba haioni diski hata moja, na zilikuwa nne.

Fundi hakushika bisibisi. Alifungua daftari akamuuliza mwenye ofisi, mama wa makamo aliyekuja nayo kwa bajaji, nini kilibadilika kabla ya hapo. Mama akasimulia. Umeme ulikatika, uliporudi ulirudi kwa kishindo, pawasaplai ikaungua. Mtu akahamishia kila kitu kwenye kasha jipya lenye pawasaplai mpya. Kebo ya zamani ya diski ilikuwa fupi, haikufika, ikanunuliwa ndefu.

"Kasha la zamani lipo, mama?"

"Lipo stoo, mwanangu. Bovu lile."

"Naomba liletwe na kila kilichomo. Hata kebo."

Wakati likifuatwa, alikata vipande vya utepe mweupe, akaandika 1 hadi 4, akabandika kila diski namba yake kulingana na tundu ilimochomekwa. Kisha akachomoa diski ya tano, ndogo, yenye mfumo wa kompyuta, akaiweka kando. Nilidhani anapunguza vitu mezani tu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba hapo ndipo alipookoa nyaraka za yule mama.

Akawasha. Akaweka kiganja juu ya diski ya kwanza, akatulia. Diski iliyo hai hutetemeka kidogo inapoanza kuzunguka, na mkono huhisi hilo kabla sikio halijasikia. Ya kwanza ilitetemeka, ya pili pia, na ya tatu. Ya nne ilikuwa kimya. Akaandika: "3 zinazunguka, na. 4 haizunguki." Wengi tungeivamia hiyo ya nne papo hapo. Yeye aliiacha, kwa hoja rahisi kwamba diski moja kutozunguka hakuwezi kuzificha tatu zinazozunguka. Hitilafu zilikuwa mbili, na alikataa kuzichanganya.

Akazima, akachomeka diski namba 1 moja kwa moja kwenye mazabodi kwa waya wa kawaida, akawasha tena. Bayosi ikaionyesha, jina na ukubwa wake. Diski nzima. Akairudisha mahali pake, akageukia kadi.

Ilikuwa kadi yenye chipu ya LSI ya aina ya SAS2008, inayopatikana sana kwenye seva za mitumba. Aliichomoa kwa kushika kingo zake tu. Meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa vumbi, lile la barabara ya TANZAM linalopenya hata madirisha yaliyofungwa. Akayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, akapangusa kwa kitambaa chenye spiriti, akangoja ikauke. Juu ya kipoozeo cha chipu akaegesha feni ndogo, kwa sababu kadi hizi zimeundwa kwa seva zenye upepo mkali na zikikaa mezani hivi hivi huchemka. Alipowasha, taa ndogo ya kijani kwenye kadi ikapepesa kwa mpigo sawa, dalili kwamba programu yake ya ndani inafanya kazi. Diski bado hazikuonekana. Skrini ikamkaribisha abonyeze vitufe aingie kwenye mipangilio ya kadi. Hakubonyeza.

Ikabaki kebo, na kasha la zamani lilikuwa limefika.

Akazilaza kebo mbili sambamba. Kila moja ina kichwa kipana cha pini 36 kinachoingia kwenye kadi, kisha inagawanyika mikia minne, kila mkia na kichwa chembamba cha pini 7 cha kuingia kwenye diski. Kwa macho hazina tofauti, isipokuwa urefu. Akachukua mita, akaiweka kwenye mlio, akafunga sindano ya kushonea kwenye ncha moja kwa sababu matundu ni madogo mno. Pini ya 1, ya 4 na ya 7 ni za kutuliza umeme, akazipita. Jozi ya 2 na 3, kisha ya 5 na 6, alizifuata moja moja, akichora mstari daftarini kila mita inapolia. Alimaliza mkia mmoja wa kebo ya zamani, akahamia ya mpya. Michoro ilipokamilika haikuhitaji maelezo: kwenye kebo mpya jozi mbili zilikuwa zimebadilishana. Palipotakiwa kadi itume na diski ipokee, kadi ilikuwa ikituma kwenye njia ambayo diski nayo inatumia kutuma.

Kebo hiyo si mbovu. Imetengenezwa kwa safari ya upande mwingine, kutoka matundu manne ya mazabodi kwenda kwenye ubao wa diski wa seva, na muuzaji asiyejua huziweka aina zote mbili kwenye boksi moja.

Akatandika kadibodi mezani, akazipanga diski karibu na kadi ili kebo fupi ifike. Namba 1, 2 na 3 zikajitokeza kwenye skrini. Mama akapiga makofi. Fundi akazima mashine.

"Mbona unazima tena, mwanangu?"

"Bado mmoja, mama. Tukiondoka bila yeye, atatuchelewesha."

Diski hizi zinafanya kazi kama kundi. Mfumo ukiwaka na tatu, ukaanza kuandika, ya nne itabaki nyuma na kundi litalazimika kujijenga upya kwa saa nyingi, diski za zamani zikifanya kazi kwa nguvu zote. Ndiyo maana diski ya mfumo ilichomolewa tangu mwanzo.

Namba 4 ilikuwa mpya kuliko wenzake. Mita ilionyesha volti 12 na volti 5 zinafika. Akapima pia waya wa rangi ya chungwa: volti 3.3. Kwa diski za kizazi hiki, tangu kanuni ya SATA ya mwaka 2016, pini ya tatu ya umeme inaweza kuwa ya kuizima. Ikipata volti 3.3, diski hutii na kulala. Kwenye kasha la zamani ilikuwa ikipata umeme kupitia kiunganishi cha pini nne, chenye 12 na 5 pekee, kwa hiyo haikuwahi kulalamika. Alikwenda kwa jirani yake fundi simu, akarudi na utepe wa kahawia usioungua, akakata kijipande kwa wembe, akafunika kwa kibano pini tatu za kwanza, ambazo diski hiyo haizihitaji. Kijipande cha kwanza kiligusa pini ya nne. Akakibandua, akakata kingine.

Diski ikatetemeka chini ya kiganja chake. Skrini ikaorodhesha nne.

Kebo ndefu ya aina sahihi ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, ndipo diski ya mfumo ikarudishwa na nyaraka zote zikafunguka. Ile nyingine haikutupwa. Aliifunga utepe mweupe ulioandikwa "KINYUME – NZIMA" akaiweka kwenye droo, kwa sababu kuna seva zinazoitaka hiyo hiyo. Kwenye risiti ya mama vipuri vilikuwa viwili tu, kebo moja na kipande cha utepe. Kiasi kilichobaki kiliandikwa "ufundi", na mama alikilipa bila kuomba kupunguziwa.