Kichwamaji: Maradhi na Mithali

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kichwamaji, iliyochapwa mwaka 1974, imebeba jina la maradhi. Aghalabu wahakiki hulipita jina hilo mbio ili wafike upesi kwenye falsafa. Kwao, kichwa kikubwa cha mtoto ni mithali ya kizazi kilichojaa elimu isiyokifaa, na kifo cha Kazimoto ni tamati ya hoja juu ya ubatili wa maisha. Usomaji huo una haki yake, lakini ni nusu ya haki.

Tabibu angeanza pengine. Kwake yeye, kichwa maji ni ugonjwa wa ubongo. Maji yatengenezwayo ndani ya ubongo, kadiri ya nusu lita kwa siku kwa mtu mzima, yakizibiwa njia hujikusanya. Na kwa kuwa mifupa ya fuvu la mtoto mchanga haijaungana, kichwa hutanuka. Ugonjwa huo si laana wala malipo ya dhambi. Katika mji wa Mbale, Uganda, tangu miaka ya 2000, watoto wengi wamepasuliwa na maji yakafunguliwa njia mpya. Mhakiki asiyeyajua hayo humfanya mtoto mgonjwa kuwa alama ya uovu wa wakubwa, na riwaya yenyewe haiepukani kabisa na lawama hiyo.

Daktari wa maradhi ya akili naye angehesabu misiba kabla ya hoja. Rukia, dada yake Kazimoto, anatiwa mimba na Manase, kisha anafariki. Mama yao anamfuata. Kazimoto anamwoa Sabina, dada wa Manase huyo huyo, na mtoto wao mwenye kichwa kikubwa hapati kuishi. Ndipo baba anapojiua. Mtu aliyefikwa na hayo aweza kunena kama mwanafalsafa, na watu wakasifu maneno yake bila ya kuona kuwa anaangamia.

Hata hivyo, utabibu peke yake hautoshi. Hauelezi kwa nini elimu ya chuo kikuu imtenge kijana na wazee wake, wala kwa nini cheo cha Manase kimkinge asiulizwe. Hayo yataka mwanahistoria na mhakiki. Kitabu hiki kisomwe na wote hao pamoja, ili mithali isimezwe na maradhi, wala maradhi yasifichwe na mithali.