Emiko na Siri ya Serizawa: Ni Nani Mhusika Mkuu wa Gojira?

Wapenzi wa filamu ya Gojira hawaishi kubishana. Filamu hii ya Kijapani, iliyoongozwa na Ishiro Honda na kutolewa na kampuni ya Toho mwezi Novemba 1954, ina zaidi ya miaka 70 sasa, lakini kila tukiitazama ubishi ni ule ule. Kundi la kwanza linasema mhusika mkuu ni dude lenyewe, kwani ndilo lenye jina la filamu. Kundi la pili, na hili ndilo lenye kelele zaidi, linamtaja Dk. Serizawa, mwanasayansi mwenye kitambaa cheusi jichoni anayejitoa mhanga baharini. Wapo wachache wanaomtetea Profesa Yamane, mzee anayesikitika kuona watu wanataka kuua kiumbe ambacho yeye angependa kukichunguza. Emiko, binti wa Yamane, hatajwi. Akitajwa ni kwa mzaha: eti kazi yake ni kupiga mayowe tu.

Mimi nasema Emiko ndiye mhusika mkuu, na ushahidi wangu wa kwanza ni hilo hilo yowe.

Tukumbuke lilivyotokea. Emiko alichumbiwa kwa Serizawa tangu utotoni, lakini moyo wake uko kwa kijana Ogata. Anakwenda kwa Serizawa akiwa na nia ya kumweleza ukweli. Kabla hajafungua kinywa, Serizawa anamshusha kwenye maabara yake, anatia kitu ndani ya tangi la samaki, na Emiko anapiga yowe na kuficha uso. Sisi watazamaji hatuoni kilichomo ndani ya tangi. Tunaona uso wa Emiko tu. Kisha anaapishwa asimwambie mtu yeyote, na anaondoka bila hata kusema lile lililompeleka.

Hapa ndipo wenzangu wanapopita mbio mbio. Jamani, msanii ametunyima tukio lenyewe! Siri ya Serizawa inafichwa kwa wahusika wengine na inafichwa kwetu pia, na mwenye ufunguo ni Emiko peke yake. Tunakuja kuwaona wale samaki wakigeuka mifupa baadaye sana, kwa mbinu rejeshi, pale Emiko anapoamua kuvunja ahadi na kumsimulia Ogata. Kwa maneno mengine, asingesema yeye, hadithi isingesogea. Muundo mzima wa filamu umening'inia kwenye ulimi wa binti huyu. Sasa mhusika wa namna hiyo tunamwitaje bapa?

Kinachomfanya aseme nacho kimejengwa vizuri. Si hotuba wala shinikizo la mchumba. Tokyo imeshateketezwa, majeruhi wamelazwa chini kwa mamia, na Emiko yumo kati yao akihudumia. Mtaalamu anampima mtoto kwa kipimo cha mionzi, kisha anatikisa kichwa. Mtoto mwingine analia mama yake akichukuliwa maiti, na Emiko anamkumbatia. Basi. Baada ya hapo ahadi haikaliki tena.

Kuna wanaouita huu usaliti. Hoja yao si ya kudharauliwa, maana neno lililotolewa ni neno, na matokeo yake ni kifo cha aliyemwamini. Lakini tuangalie kwa makini alichokitoa Emiko. Anasema kwamba silaha ipo na inafanya nini. Namna ya kuitengeneza haijui, wala haitafuti. Serizawa anaogopa kwamba ikitumika mara moja tu, wanasiasa wa dunia wataitaka, na hata akichoma karatasi zake bado ujuzi utabaki kichwani mwake. Ndiyo sababu anazichoma, halafu huko chini baharini anakata kamba yake. Kwa hiyo siri mbili zimetenganishwa: ile ambayo watu wana haki ya kuijua, na ile ambayo hakuna anayefaa kukabidhiwa. Tofauti hiyo aliyeianzisha ni Emiko.

Tena si yeye peke yake. Kuna onyesho bungeni ambalo wengi hulisahau kwa sababu dude halimo. Yamane ameeleza kwamba Gojira ameamshwa na majaribio ya mabomu ya haidrojeni. Mjumbe mmoja mwanamume anataka habari hizo zifichwe, zisije zikaharibu uhusiano na nchi za nje. Wanaosimama kumpinga, wakidai ukweli utangazwe, ni wajumbe wanawake, na kikao kinageuka vurugu. Honda anawapa wanawake kazi ya kufichua kabla Emiko hajaifanya.

Mtazamaji wa Kijapani wa mwaka 1954 hakuhitaji kufafanuliwa. Wakati wa ukaliaji wa Marekani, uliokwisha mwaka 1952, maandishi juu ya madhara ya Hiroshima na Nagasaki yalikuwa yamebanwa na udhibiti. Kisha, Machi 1, 1954, jaribio la bomu huko Bikini likawamwagia majivu wavuvi 23 wa mashua Daigo Fukuryu Maru, na mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki mwezi Septemba. Filamu inaanza na meli kuwaka moto baharini.

Ila siwezi kumsifu Honda kwa kila kitu. Akishafichua, Emiko anawekwa pembeni. Mabishano ya mwisho kule maabara ni ya Ogata na Serizawa, wanapigana hadi damu inatoka, na yeye kazi yake ni kumfunga jeraha Ogata na kulia karatasi zikiungua. Melini anasimama akingoja. Aliyebeba uamuzi mzito kuliko wote hapewi hata neno moja la kueleza anajisikiaje. Ogata, ambaye kwa maoni yangu ni mhusika aliyepwaya kuliko wote, ndiye anayeteremka majini.

Toleo la Marekani la mwaka 1956 ndilo limezidi. Lilimpachika mwandishi wa habari Mmarekani, akiigizwa na Raymond Burr, atusimulie kila kitu. Likaondoa yule abiria wa treni anayetaja Nagasaki, na likaondoa onyo la mwisho la Yamane kwamba majaribio yakiendelea Gojira mwingine anaweza kutokea. Filamu kuhusu kufichua ikafichwa. Wale wa kundi la Serizawa wanaonibishia, wengi wao nimegundua wameona toleo hilo. Watafute la 1954, dakika 96, ndipo tuendelee kubishana.