Mstari Unaochorwa Mapema

Tambarare za chini ya Gonja, wilayani Same, zimewazoea watafiti wa malaria tangu miaka ya 1950, nyumba za Pare na Taveta zilipopuliziwa dieldrini, sumu ya kuua mbu. Nusu karne baadaye wakaja wengine, wakafanya kazi katika wilaya za Same na Korogwe. Watoto wachanga 2,419 walipewa, siku za chanjo, mojawapo ya dawa tatu za kuzuia malaria au dozi isiyo na dawa ndani. Mama hakujua mwanawe amemeza nini, wala nesi hakujua.

Katika kazi kama hii ninayemvulia kofia ni mtakwimu, hasa kwa jambo analolifanya kabla ya matokeo kufunguliwa: kuamua atakubali hatari kiasi gani ya kudanganywa na bahati. Wengi huandika 0.05, moja kwa ishirini, kwa kuwa Ronald Fisher aliipendekeza mwaka 1925, na mazoea yana taabu. Fundi hujiuliza kwanza kosa lipi litaumiza zaidi. Akiipitisha dawa butu, watoto wa nchi nzima watanyweshwa bure. Akiikataa inayofaa, wataendelea kuugua homa ambayo ingezuilika. Ukilibana kosa la kwanza, la pili linapanuka, labda uongeze idadi ya watoto, na fedha nazo zina mwisho.

Kisha ipo hesabu ambayo wavivu huiruka. Dawa tatu ni maswali matatu. Kila swali likipewa 0.05, uwezekano wa angalau dawa moja butu kung'aa kwa bahati tu unakaribia asilimia 14. Mwangalifu huigawa 0.05 kwa tatu, akabaki na 0.017 hivi kwa kila dawa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, meflokwini, mojawapo ya dawa hizo tatu, ilikuwa imepunguza malaria Korogwe kwa asilimia 38, p ikiwa 0.008: kama dawa isingekuwa na nguvu yoyote, tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi ingejitokeza mara 8 tu katika 1,000. Inapita hata kwenye kipimo kile kikali. Dawa nyingine kati ya hizo, SP, haikufua dafu. Ila meflokwini iliwatapisha watoto katika asilimia 8 ya dozi za siku ya kwanza, na kutapika hakufutwi na p ndogo.

Upande wa Same, mtakwimu makini hasemi dawa hazifai. Visa vya malaria vilikuwa vichache mno hata usajili wa watoto ukasitishwa; ungechagua 0.05 au 0.01, wagonjwa wa kulinganisha wasingetosha.