Gerasim Hakusomea Udaktari

Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, iliyoko Hershey nchini Marekani, ilipoanza mwaka 1967 iliunda ndani yake idara ya insia, yaani masomo ya fasihi, historia, falsafa na dini. Mtu angeweza kuuliza mwanafunzi wa upasuaji anatafuta nini kwenye riwaya. Jibu la walimu wa masomo haya ni kwamba daktari anaweza kulijua ini la mgonjwa asimjue mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, Rita Charon, daktari aliyesomea pia fasihi hadi shahada ya uzamivu, alianzisha programu ya kuwafundisha matabibu kuzisikiliza habari za wagonjwa. Huwataka wanafunzi wawe na daftari la pili kando ya faili la hospitali. Humo huandika kwa lugha ya kawaida yale ambayo faili halina nafasi yake: kwamba mzee huyu amemkumbusha babu yake, au kwamba leo ameogopa kuingia wodini.

Tunayapokea masomo haya kwa shukrani. Makanisa yetu yana hospitali, na baadhi ya hospitali zenye mizizi yake kanisani, kama KCMC pale Moshi na Bugando pale Mwanza, hufundisha madaktari. Hata hivyo tungependa kukipima kitabu kimoja ambacho husomwa sana katika madarasa hayo, tuone kinafundisha nini, nini ni rahisi kukiruka, na kinatudai nini sisi tunaokwenda kuwatazama wagonjwa kila Jumapili mchana baada ya ibada.

Kitabu ni *Kifo cha Ivan Ilyich* cha Leo Tolstoy, kilichotoka mwaka 1886. Ni kifupi, msomaji hukimaliza kwa siku moja. Ivan Ilyich ni hakimu mwenye cheo katika Urusi ya wakati huo. Amepata nyumba mpya, na anapopanda ngazi kumwonyesha fundi jinsi ya kutundika mapazia, anateleza na kujigonga ubavuni. Maumivu yanaanza kidogo kidogo. Madaktari wanabishana kama ni figo au kidole tumbo. Anapouliza kama ugonjwa wake ni wa hatari, swali hilo halijibiwi. Hapo anatambua jambo linalomchoma: daktari anamtazama kwa uso uleule ambao yeye mwenyewe amekuwa akiwatazamia washtakiwa mahakamani. Amewapa watu hukumu bila kuwaona, na sasa zamu yake imefika.

Hapa ndipo kitabu kinapomfaa sana mwanafunzi wa udaktari. Tolstoy haoni kosa la daktari kuwa ni kutojua tiba. Kosa analolionyesha ni kulifanya swali la mtu, yaani je, ninakufa, liwe swali la kiungo. Pia anaonyesha kwamba kinachomtesa mgonjwa kuliko ubavu ni uongo. Mke, binti, marafiki na madaktari wote wanajua anakufa, na wote wanaendelea kusema kwamba anaumwa tu na akitulia atapata nafuu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa kawaida tunamwambia mgonjwa methali hiyo. Katika nyumba hii mgonjwa ndiye anayetaka kusema, na walio wazima ndio wanaoficha.

Mtu mmoja tu hadanganyi. Ni Gerasim, kijana kutoka kijijini, mtumishi wa nyumba, ambaye kazi yake mojawapo ni kutoa chombo cha haja cha bwana wake. Ivan anagundua kwamba maumivu hupungua miguu yake ikiinuliwa juu, na Gerasim hukaa ameishikilia mabegani mwake, wakati mwingine usiku kucha. Anamweleza bwana wake waziwazi kwamba sote tutakufa, basi kwa nini asijitaabishe kidogo kwa ajili yake. Hamwonei huruma kutoka juu. Anajua kwamba siku moja na yeye atahitaji mtu wa kumshikia miguu.

Darasani Gerasim huwekwa mbele ya wanafunzi kama mfano wa utu katika tiba, na ni haki. Lakini hapa tuna neno la kwanza la kuhoji. Gerasim hakusomea udaktari, wala hakusoma fasihi. Tukimgeuza kuwa mbinu, kwamba daktari akae hivi, atazame hivi, aseme hivi ili mgonjwa ajisikie vizuri, na mwisho wa muhula apewe alama kwa huruma yake, tutakuwa tumerudi kwa yule daktari wa kwanza, ambaye naye alikuwa na adabu zote za kazi yake. Kilichomwezesha Gerasim ni kukubali kifo chake mwenyewe. Chuo kinaweza kumpa mwanafunzi kitabu kinachomwonyesha jambo hilo. Kulikubali ni kazi ya maisha, na kwetu ni kazi ya imani.

Neno la pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Kitabu hiki kina padri. Karibu na mwisho mke anamsihi Ivan apokee sakramenti. Anakubali, anaungama, moyo wake unalainika, anapokea kwa machozi. Kwa muda mfupi anaanza hata kutumaini kupona. Kisha mke anaingia, anampongeza, anamwuliza kama hajisikii nafuu. Anajibu ndiyo bila kumtazama, na katika uso wa mkewe anauona uongo uleule wa siku zote. Baada ya hapo anaanza kulia kwa sauti kubwa, siku tatu bila kukoma.

Msharika anayesoma kurasa hizo asikimbilie kusema kwamba Tolstoy aliwachukia makasisi. Ni kweli kwamba Kanisa la Orthodox la Urusi lilimtenga mwaka 1901, na mafundisho yake mengi hatuyakubali. Lakini hapa anaonyesha jambo ambalo kila mzee wa kanisa amewahi kuliona: tendo takatifu linaweza kuingizwa ndani ya ule uongo wa nyumba. Meza ya Bwana inaletwa, na mara inapoondolewa tunauliza joto limeshuka kiasi gani. Tumeifanya dawa nyingine kwenye kabati.

Na bado kitabu hakiishii kwenye kilio. Mwanawe mdogo, mvulana wa shule, anaingia chumbani kimyakimya. Mkono wa baba unaangukia kichwani pake, naye anaushika, anaubusu na kulia. Wakati huo Ivan anawaona watu wa nyumbani mwake kwa mara ya kwanza na kuwahurumia. Anataka kumwomba mkewe msamaha, lakini ulimi unateleza na neno linatoka lingine, na hana nguvu za kulirekebisha. Anaacha, akijua kwamba Yule anayepaswa kuelewa ataelewa. Hofu inaondoka, na mahali pa kifo anaona nuru.

Ni rahisi darasa la chuo kuishia kwa Gerasim na kuziacha kurasa hizi kama dini ya mwandishi. Kwa maoni yetu, kufanya hivyo ni kusoma nusu ya kitabu. Maumivu makubwa ya Ivan yalikuwa swali kama maisha yake yote yalikwenda kombo. Swali hilo halitulizwi kwa adabu ya daktari. Linahitaji toba, na mtu wa kusamehe.

Tukisifu, tuseme pia pale mwandishi alipopungukiwa. Hakumtendea haki mke. Praskovya Fyodorovna tunamwona zaidi kwa macho ya mume mwenye uchungu: anakwenda kwenye maonyesho ya mwigizaji Sarah Bernhardt, anawaza pensheni. Hatuambiwi usiku wake ulikuwaje. Gerasim naye hachoki, hakasiriki, wala hana cha kupoteza. Ni kijana mwenye afya anayemhudumia mtu asiye ndugu yake. Katika sharika zetu anayemgeuza mgonjwa kitandani, kwa kawaida, ni mke, mama au binti. Anachoka hadi kununa, kisha anajihukumu kwa sababu amenuna. Mtu huyo hana sura yake katika kitabu hiki, na mwalimu mwangalifu atawaambia wanafunzi wake hivyo.

Yupo mtu wa kweli ambaye maisha yake yaliunganisha yale ambayo madarasa hutenganisha. Cicely Saunders wa Uingereza alianza Oxford akisoma siasa, falsafa na uchumi. Akaacha wakati wa vita awe muuguzi, baadaye akawa ofisa ustawi wa jamii hospitalini, na mwaka 1957 akahitimu udaktari. Alikuwa Mkristo, na lile ombi la Bwana kwa wanafunzi wake katika Gethsemane, kwamba wakeshe pamoja naye, alilifanya kuwa msingi wa kazi yake. Mwaka 1967 alifungua St Christopher's Hospice jijini London. Alifundisha kwamba mtu anayekufa ana maumivu ya mwili, ya moyo, ya jamaa na ya roho kwa pamoja, na kwamba yote yanastahili matibabu. Alitoa mofini kwa saa zake, na alikaa na mgonjwa. Kazi ya namna hiyo ilifika kwetu: Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993.

Sasa tujitazame. Tunapokwenda kumwona mgonjwa tunamwambia ugua pole, utapona tu, na wengine wanamwambia aukatae ugonjwa kwa imani. Tunafanya hivyo kwa upendo. Tunaamini maombi ya uponyaji na hatutayaacha. Lakini tukumbuke Hezekia. Nabii Isaya alimwambia wazi kwamba atakufa, atengeneze mambo ya nyumba yake. Mfalme akageuza uso ukutani, akaomba, akalia, na Mungu akamwongezea miaka 15. Ukweli ulitangulia, na haukuyazuia maombi. Hezekia alijua anachokiomba kwa sababu hakudanganywa.

Rafiki za Ayubu nao walifanya vema kwa siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walikosea walipoanza kueleza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache ambayo usharika wowote unaweza kuyafanya. Vijana wetu wanaosomea uuguzi na udaktari wakisome kitabu hiki hadi ukurasa wa mwisho. Wanaotembelea wagonjwa wajifunze kuuliza, mama, unawaza nini kuhusu ugonjwa huu, kisha wanyamaze wasikie jibu. Akisema anaona safari imekaribia, asikatizwe kwa wimbo. Aulizwe kama kuna mtu anayetaka kumwona au kumwomba radhi, na mtu huyo aitwe wakati ulimi bado una nguvu. Na kabla ya kuondoka, mmoja wetu abaki usiku huo amshikie mgonjwa miguu, ili binti yake apate kulala.