Mtani wa Nyahanga na kanuni ya adabu

Kaa kijiweni Nyahanga, pale Kahama, karibu na bodaboda zinazosubiri abiria wa machimboni. Kijana wa Kizaramo aliyeshuka kwenye basi jana anatajwa kabila lake, na dereva wa Kisukuma ambaye hajawahi kumwona maishani anamvaa papo hapo: kwao hawajui jembe, kazi yao ngoma tu, na kichwa chake kinafanana na debe la mpunga lililobonyea. Kijana hakasiriki. Anarudisha kwamba Msukuma ukimpa suti atamvisha ng'ombe kwanza. Kicheko. Muda si mrefu anasogezewa benchi na kuelekezwa gesti ya bei nafuu. Mara anapita mzee na baiskeli yake, na wote wawili kwa sauti moja: "Shikamoo mzee!"

Sasa hebu tupeleke kijiwe hiki mbele ya nadharia tunayoipenda sana sisi tunaosoma isimu. Penelope Brown na Stephen Levinson waliitoa mwaka 1978, ikachapwa upya kama kitabu mwaka 1987. Wao walichukua wazo la "uso" kutoka kwa Erving Goffman, yaani ile heshima ambayo kila mtu anataka isiguswe (kwetu pia mtu "huumbuka", kwa hiyo wazo si geni), wakasema karibu kila tunachosema kinaweza kuujeruhi uso wa mtu. Ujeruhi kiasi gani? Jumlisha vitu vitatu: umbali kati yenu, mamlaka ya msikilizaji juu yako, na uzito wa jambo lenyewe katika utamaduni husika. Jumla ikipanda, adabu nayo ipande.

Kanuni hii si ya kuchezea. Inaeleza vizuri kwa nini Mtanzania akienda dukani na pesa yake mkononi bado anasema "naomba chumvi", na akitaka kukopa hiyo chumvi anaanza na habari za watoto. Ukiifundisha darasani, wanafunzi wanaielewa siku hiyohiyo. Nadhani ndiyo maana tunaikopi kwenye tasnifu bila kuiuliza maswali.

Walioiuliza mapema ni Wajapani. Yoshiko Matsumoto mwaka 1988, na Sachiko Ide mwaka uliofuata, walionyesha kwamba katika Kijapani huwezi hata kusema "leo ni Jumamosi" bila kuchagua ngazi ya heshima: da kwa rafiki, desu kwa mtu wa kawaida, de gozaimasu kwa mteja au mkubwa. Taarifa ya Jumamosi haimjeruhi mtu yeyote. Basi hiyo adabu inakinga nini? Ide alijibu kwamba haikingi kitu, bali inaonyesha kuwa msemaji anajua mahali pake na pa mwenzake. Shikamoo ni hivyohivyo. Yule mzee wa baiskeli hakuombwa kitu wala hakutishwa. Umri wake tu ulitosha.

Lakini kwa maoni yangu Wajapani waliigonga kanuni upande mmoja tu, ule wa heshima. Utani unaigonga upande wa pili, na huko ndiko kunakouma zaidi. Mzaramo na Msukuma wa kijiweni hawajuani kabisa, kwa hiyo umbali ni mkubwa. Kumtukana mgeni ni jambo zito. Kanuni inadai maneno laini, na tunapata debe lililobonyea. Nenda msibani mambo yazidi: mtani anamwigiza marehemu mbele ya wafiwa, anadai hela, anatania jeneza, na wafiwa wanatakiwa wacheke au wanyamaze. Hakuna mahali ambapo jambo lina uzito zaidi ya pale.

Najua utetezi. Kitabu chenyewe kinataja mizaha na matusi ya kimila kama njia ya kuonyesha ukaribu, kwa hiyo mtu atasema watani wako karibu kwa asili yao. Sawa, lakini ukaribu huo tumeujuaje? Kwa sababu wanatukanana! Tukiupima umbali kwa matusi, kisha tukaeleza matusi kwa umbali, tumezunguka mbuyu na kurudi palepale.

Cha kusikitisha ni kwamba jibu bora lilishaanza kuandikwa hapa hapa. R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika miaka ya mwanzo ya 1940, akiuhusisha na vita vya zamani na misafara ya kwenda pwani, ambako mgeni alihitaji mtu wa kumtegemea njiani. Radcliffe-Brown naye, mwaka 1940, aliuweka utani karibu na kumkwepa mkwe: njia mbili za kuishi na mtu ambaye mmeunganishwa naye na bado mnaweza kugombana. Huyu humtazami usoni, yule unamtukana, na wote wawili hamgombani. Hapo kipimo ni aina ya uhusiano. Wingi wa umbali hauingii.

Hili si la darasani tu. Programu zinazochuja matusi mitandaoni zikifundishwa kwa orodha ya maneno zitamfungia mtani na kumwacha anayedharau kwa Kiswahili safi. Neno halisemi kila kitu: kisama ya Kijapani, ambayo leo ni tusi, zamani ilikuwa ya heshima. Hata Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 89, haiishii kwenye tusi. Inataka tusi litolewe kwa namna inayoelekea kuvunja amani, na hilo hulipati bila kujua nani alimwambia nani.

Kwa hiyo mwenzangu unayeandika tasnifu kuhusu lugha ya machimboni, kabla ya kuhesabu matusi kwenye rekodi zako, rudi kwenye duara ulikorekodi uulize kila mmoja ni mtani wa nani, shemeji wa nani, mjukuu wa nani. Babu anayemwita mjukuu wake "mke wangu" naye utamkuta kwenye rekodi hizo, na sijui kanuni itampa alama ngapi.