Wingi wa Miswada na Ukweli wa Habari: Uhakiki wa Hoja ya Kutegemeka kwa Agano Jipya

Katika maandishi ya utetezi wa imani ya Kikristo ipo hoja iliyorudiwa mara nyingi hata ikakaribia kuchukuliwa kuwa haihitaji tena uthibitisho: Agano Jipya linategemeka kwa sababu nakala zake za mkono ni nyingi zaidi, na za kale zaidi, kuliko za kitabu kingine chochote cha ulimwengu wa Wagiriki na Warumi. F. F. Bruce aliieleza hoja hiyo kitaaluma mwaka 1943. Kuanzia mwaka 1972 Josh McDowell aliifikisha kwa wasomaji wengi wasio wanazuoni. Na sasa husikika pia katika mihadhara ya hadhara baina ya Wakristo na Waislamu nchini Tanzania na Kenya. Katika mihadhara hiyo hujibiwa kwa hoja zilizoenezwa na Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, aliyeshikilia kwamba tofauti zilizomo katika miswada, pamoja na aya zinazoondolewa katika tafsiri mpya, ni ushahidi kwamba maandiko yamepotoshwa.

Uhakiki huu unadai kwamba pande hizi mbili, licha ya uhasama wao, zimejengwa juu ya msingi mmoja wenye kasoro. Kila upande huchukua ushahidi unaohusu uhifadhi wa matini na kuutumia kujibu swali linalohusu ukweli wa habari. Neno lenyewe linasaidia kuficha mruko huo. Nakala inayotegemeka ni ile inayorudisha kwa uaminifu maneno yaliyoandikwa na mtunzi. Shahidi anayetegemeka ni yule asemaye yaliyotukia. Mtu anaweza kuwa na nakala safi kabisa ya ushahidi wa uongo, na anaweza pia kuwa na nakala iliyochakaa na kujaa masahihisho ya ushahidi wa kweli.

Kuhesabu na kupima

Ni kweli kwamba miswada ya Kigiriki ya Agano Jipya inazidi 5,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ya hiyo iliandikwa kuanzia karne ya 9 na kuendelea, na wingi huo huonyesha zaidi jinsi monasteri za Bizanti zilivyofanya kazi kwa bidii kuliko jinsi matini ilivyokuwa katika karne ya 1. Nakala mia moja zilizotokana na nakala moja ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara mia. Kwa sababu hiyo wahakiki wa matini hupima miswada kabla ya kuihesabu, na katika mizani yao Kodeksi Sinaiticus na Kodeksi Vaticanus, zote mbili za karne ya 4, huwa nzito kuliko mamia ya nakala za baadaye.

Ushahidi wa kale zaidi ya hizo upo, ila ni wa vipande. Kile kijulikanacho kama Papiri 52, kilichohifadhiwa Manchester, kina mistari michache tu ya Yohana 18. C. H. Roberts alipokichapisha mwaka 1935 alikiweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 2, na kwa miongo mingi tarehe hiyo ilinukuliwa kana kwamba imeandikwa juu ya kipande chenyewe. Mwaka 2005 Brent Nongbri alionyesha kwamba mwandiko peke yake hauwezi kubeba uhakika wa namna hiyo, na kwamba mwisho wa karne ya 2, hata mwanzo wa karne ya 3, hauwezi kuondolewa katika hesabu. Kwa Injili ya Marko hali ni nyembamba zaidi: nakala ya kwanza yenye sehemu kubwa ya injili hiyo ni Papiri 45, ya karne ya 3.

Hamu ya kuziba pengo hilo imewahi kuwagharimu watetezi. Mwaka 2012, katika mdahalo na Bart Ehrman, Daniel Wallace alitangaza kwamba kipande cha Marko cha karne ya 1 kilikuwa kimepatikana. Tangazo lilienea makanisani kabla ya mtafiti yeyote wa nje kukiona kipande hicho. Kilipochapishwa mwaka 2018 katika mfululizo wa papiri za Oxyrhynchus, wahariri walikiweka mwishoni mwa karne ya 2 au mwanzoni mwa karne ya 3. Kipande hicho kina thamani kubwa kwa wataalamu. Lakini hata kama kingekuwa cha karne ya 1 kweli, kingethibitisha tu kwamba maneno hayo machache ya Marko yalikuwa yamekwisha kuandikwa wakati huo, jambo ambalo karibu hakuna mtafiti anayelikanusha.

Kwa haki ya Bruce yafaa kuongezwa kwamba hakuishia kwenye miswada. Alizishughulikia kwa mapana maandishi ya Luka na ugunduzi wa akiolojia, kwa kuwa alijua nakala peke yake haimalizi mjadala. Waliomfuata walichukua jedwali la idadi na kuacha sura zilizokuwa na kazi ngumu.

Mistari yenye mabano

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyokamilika mwaka 1952, akifika Matendo 8:37 hukuta mstari uliofungwa ndani ya mabano ya mraba. Ni mahali ambapo towashi wa Kushi anakiri imani yake kabla ya kubatizwa. Mstari huo haumo katika Papiri 45, wala Sinaiticus, wala Vaticanus, ingawa Irenaeo aliyafahamu maneno ya ungamo hilo tangu karne ya 2. Erasmus aliukuta pambizoni mwa muswada mmoja, akauingiza katika chapa yake ya Kigiriki kwa kudhani kwamba wanakili waliuacha kwa uzembe. Kutoka hapo ukasafiri hadi katika tafsiri za Ulaya.

Maneno ya 1 Yohana 5:7-8 kuhusu mashahidi watatu wa mbinguni yana historia iliyo dhaifu zaidi. Erasmus aliyaacha katika chapa za 1516 na 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kuletewa muswada mpya sana ambao leo upo Dublin. Hadithi kwamba alikuwa ameahidi kuyaingiza endapo muswada mmoja tu ungepatikana, hadithi inayopendwa na wahadhiri wa pande zote, ilichunguzwa na H. J. de Jonge mwaka 1980, naye hakuiona na mashiko. Hapa Deedat ana haki yake, na mtetezi asimnyime: wasomaji wa tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 walisoma kwa karne kadhaa sentensi ambayo mwandishi wa waraka huo hakuiandika. Ila hitimisho lake halifuati. Sentensi hiyo iligunduliwa kuwa ngeni kwa sababu miswada isiyo nayo ilibaki. Palipo na upotoshaji uliofanikiwa kabisa, hakuna mabano.

Watetezi nao hujibu kwa sentensi iliyozoeleka, kwamba hakuna fundisho lolote linaloguswa na tofauti hizo. Jibu hili ni rahisi kupita kiasi. Marko 16:9-20 haimo katika Sinaiticus wala Vaticanus, ambazo zinaishia pale wanawake wanapokimbia kaburini kwa hofu. Ndani ya aya hizo kumi na mbili mna ahadi ya kunena kwa lugha mpya na ya kushika nyoka bila kudhurika. Katika milima ya Appalachia nchini Marekani yako makanisa yaliyozichukua aya hizo kama amri. George Went Hensley, aliyehusika sana kuieneza desturi hiyo, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Vilevile Matendo 8:37 imewahi kutumiwa kutetea ubatizo wa waumini wanaojieleza wenyewe dhidi ya ubatizo wa watoto wachanga. Nayo 1 Wakorintho 14:34-35, inayowataka wanawake wanyamaze katika kusanyiko, huonekana baada ya aya ya 40 katika baadhi ya miswada ya Magharibi. Mwaka 1987 Gordon Fee alitoa hoja kwamba haikuandikwa na Paulo. Hakuna muswada unaoiacha kabisa, kwa hiyo hoja yake haiwezi kusemwa imethibitika. Lakini kumwambia mwanamke aliyenyimwa madhabahu kwa aya hiyo kwamba suala la matini halimgusi ni kumdhihaki.

Mfano wa Muyaka

Watafiti wa fasihi ya Kiswahili hawahitaji kwenda mbali ili kuiona tofauti inayojadiliwa hapa. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa yapata mwaka 1840, yalihifadhiwa kwa kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na W. E. Taylor, mmisionari wa CMS ambaye pia alitafsiri injili kwa Kimvita, akayanakili. Chapa ya Hichens ilitoka mwaka 1940. Hakuna hati yenye mwandiko wa Muyaka mwenyewe inayotegemewa, na bado hakuna mhakiki anayesita kuzungumzia ushairi wake. Wakati huohuo hakuna mwanahistoria anayedai kwamba, kwa kuwa mashairi yamehifadhiwa vizuri, kila asemalo Muyaka juu ya Seyyid Said na vita vya Mombasa ni sahihi. Muyaka alikuwa mtu wa Mazrui. Ushahidi wake hupimwa kwa kulinganishwa na ushahidi mwingine, na kupimwa huko hakumvunjii heshima.

Utaratibu huohuo ukielekezwa kwa Luka huleta matokeo yasiyo ya upande mmoja. Luka 2:2 inaihusisha sensa ya wakati wa kuzaliwa kwa Yesu na Kirenio liwali wa Shamu. Maneno ya mstari huo hayana shaka kubwa katika miswada. Tatizo ni la historia: kwa ushahidi wa Yosefo, Kirenio aliendesha sensa ya Uyahudi mwaka 6 BK, ilhali Herode, ambaye Mathayo anamtaja katika kuzaliwa huko, kwa hesabu ya wengi alikufa mwaka 4 KK. Yamependekezwa masuluhisho ya kila namna, na mengi yao yanadai zaidi ya Kigiriki cha Luka kinavyoruhusu. Muswada wa ziada, hata wa karne ya 1, usingeliondoa tatizo hili, ungelithibitisha.

Sasa itazamwe Matendo 18:12, inayomtaja Galio kuwa liwali wa Akaya wakati Paulo alipokuwa Korintho. Maandishi ya jiwe yaliyopatikana Delphi, yenye barua ya Kaisari Klaudio, yanamweka Galio katika cheo hicho karibu na mwaka 51 au 52. Hapa Luka amejaribiwa na shahidi wa nje asiyejua habari za Kanisa, akaonekana kujua jina la mtu na cheo chake sahihi katika mahali sahihi. Jiwe moja la Delphi, kwa swali hili, lina uzito kuliko miswada yote 5,000, na aya moja kuhusu Kirenio ina uzito kuliko mabano yote aliyoyataja Deedat.

Luka mwenyewe, katika dibaji yake kwa Theofilo, hajitetei kwa idadi ya nakala. Anasema kwamba wengi wamekwisha kuandika kabla yake, kwamba habari zilitoka kwa walioyaona mambo kwa macho yao, na kwamba yeye amezifuatilia kwa makini tangu mwanzo. Hayo ni madai ya mtafiti kuhusu vyanzo na mbinu. Mdahalo unaoanza na kuishia kwenye kuhesabu miswada, au kwenye kuhesabu mabano, bado haujayafikia.